Landy Chablé na Mafuta ya Vijidudu vya Chumvi

Landy Chablé hakupenda kuulizwa kazi yake kwenye sherehe za watu. Ukisema unafanya kazi na bakteria, watu wanasogeza sahani zao mbali na wewe. Kwa hiyo alizoea kujibu kwamba anafanya kazi na mafuta, na wengi walidhani yuko kiwanda cha sabuni. Hakuwa anadanganya. Miaka ile ya tisini, kwenye maabara yetu pale Mérida, yeye ndiye aliyekuwa akiwatambua bakteria wapenda chumvi kwa mafuta yaliyomo miilini mwao. Mimi naitwa Mirna. Meza yangu ilikuwa ubavuni mwa yake, nikipima maji ya visima, na mengi ya haya niliyaona kwa macho. Mengine alinisimulia mwenyewe, hasa Jumatatu mchana tulipokuwa tunagawana bakuli la maharage na nyama ya nguruwe.

Kazi yake ilitaka subira. Unamkuza bakteria kwenye sahani yenye chumvi ambayo ingemuua kiumbe mwingine yeyote. Akishazaana vya kutosha unamkwangua, unamchemsha kwa dawa kali, unayatoa mafuta yake na kuyaingiza kwenye mashine. Mashine inayatenganisha, na kalamu inachora mstari wenye vilele kwenye karatasi ndefu. Kila kilele ni aina moja ya mafuta. Ukoo fulani una kilele kirefu hapa na kifupi pale, na ukoo mwingine una mpangilio wake. Landy aliishika karatasi dirishani, akaikunjia uso, kisha akatangaza: "Huyu ni binamu wa yule wa wiki jana. Pua ni ile ile."

Ila alikuwa mkali kwa jambo moja. Bakteria wote wa kulinganishwa lazima wale chakula kimoja, wakae kwenye chumvi ya kiasi kimoja na joto moja. Ukimwongezea bakteria chumvi, anageuza mafuta yake ili asikauke, na ukimsoma utadhani ni mwingine. Wanafunzi waliosahau hilo aliwarudisha mwanzo bila huruma.

Alizaliwa Xculul, kijiji cha wavuna chumvi, pwani ya kaskazini. Kila familia pale ina mabwawa yake, na chumvi inauzwa na ushirika. Baba yake, Abundio, alikufa kwa homa Landy akiwa bado sekondari. Mdogo wake, Wilberth, aliacha shule akaingia kwenye mabwawa ya baba, na Landy akaendelea kusoma. Mama yao, Eusebia, hakuitisha kikao cha kuamua hivyo. Ilitokea tu, kijiji kizima kikaona, na hakuna aliyelisema ila Wilberth mwenyewe, tena kwa utani.

"Mimi pia nina shahada," alikuwa akituambia tukienda kumtembelea. "Nusu anayo dada. Nusu yangu iko hapa." Kisha ananyanyua mguu kutuonyesha vidonda vya maji ya chumvi.

Walipendana, hawa wawili. Landy akija nyumbani, Wilberth alimchotea maji mekundu ya mwisho wa kiangazi kwenye chupa, maana ndiyo yaliyojaa vijidudu. "Chukua watoto wako," alikuwa akimwambia. "Wananuka kuliko mimi."

Balaa lilianza siku don Elías Manzur alipoingia maabara na ngozi ya ng'ombe iliyoviringishwa kwenye gazeti. Alikuwa na kiwanda cha ngozi na viatu mjini. Akaikunjua mezani. Ilikuwa na madoa mekundu na vishimo vidogo vidogo, kama imeliwa na nondo.

"Shehena nzima iko hivi," alisema. "Naitia chumvi ikae, nikiifungua naikuta imeoza. Na chumvi nanunua Xculul."

Magunia ya Xculul hushonwa kwa uzi wa rangi ya familia. Manzur alikuwa amekuja na gunia moja tupu, na uzi wake ulikuwa wa kijani. Landy akauona. Aliomba kuzungumza na mkuu wetu, daktari Rubén Peniche, pembeni.

"Daktari, hiyo ni chumvi ya mdogo wangu. Mpe kazi mtu mwingine."

"Nani mwingine? Mirna anayepima visima?" Peniche hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na Manzur alikuwa ameahidi kutuwekea mashine ya kupoza chumba, jambo ambalo kwa joto la Mérida si dogo. "Ukifanya wewe, hakuna atakayesema umempendelea."

Akafanya. Aliwatoa bakteria kwenye vishimo vya ngozi, akawatoa wengine kwenye bwawa la Wilberth, akawalea pamoja kama sheria yake ilivyotaka. Nakumbuka mchana ule karatasi ilipokuwa inatoka. Aliziweka mbili dirishani, ya ngozi na ya bwawa, moja juu ya nyingine, na vilele vikakaa juu ya vilele. Hakusema habari za binamu wala pua. Alikaa.

Kisha akaenda kumwambia Peniche, na mlango ulikuwa wazi, niliwasikia.

"Wanafanana," alisema. "Lakini mafuta yanataja ukoo, daktari, hayamtaji mtu. Huenda ukoo huu uko kwenye kila bwawa la pwani hii. Sijapima mengine."

"Naelewa, naelewa. Utawaeleza kwenye mkutano."

Mkutano ulifanyika Xculul, kwenye nyumba ya ushirika. Sikuwapo, lakini Landy alinisimulia mara nyingi kiasi kwamba ni kama nilikuwapo. Alianza kueleza habari za mafuta na koo, kwa maneno ya maabara, maana aliogopa akitumia maneno ya nyumbani Peniche na Manzur watamwona dada anayemtetea mdogo wake. Wavunaji walikuwa wanatazamana. Manzur akamkatiza.

"Bibie, sikuja darasani. Bakteria wa kwenye ngozi zangu ndio hao wa bwawa la huyu bwana? Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo," Peniche alijibu kabla yake. "Wanafanana kabisa."

Mzee Gumersindo Pech, mwenyekiti wa ushirika, akamgeukia Landy. "Binti ya Abundio, ni kweli?"

Wilberth alikuwa amekaa karibu na mlango, kofia magotini, akimtazama dada yake bila wasiwasi wowote. Hilo ndilo lililomchoma baadaye, kwamba hakuwa na wasiwasi. Alikuwa anangoja dada amalize sentensi.

"Wanafanana," Landy alisema. Na hapo akanyamaza.

Nje, Wilberth alimngoja penye gari.

"Wanafanana," alirudia. "Miaka yote ile shuleni, ukaja na neno moja?"

"Wilberth, kuna maelezo yake—"

"Basi yalikuwa wapi? Umeyaacha Mérida?"

"Walinikatiza, uliona mwenyewe. Yule mtu alitaka—"

"Mzee Pech alikuuliza wewe. Alikuita kwa jina la baba. Hakuna aliyekukatiza hapo, dada."

Landy akamshika mkono. Wilberth aliuchomoa taratibu, bila kumsukuma, kama mtu anavyouchomoa mkono wake kwa mgeni asiyemjua.

Ushirika uliogopa kumpoteza Manzur. Wakayafunga mabwawa ya uzi wa kijani msimu mzima. Haikupita muda mrefu Wilberth akafunga nguo zake akaenda Cancún, kwenye ujenzi wa hoteli, kama wanaume wengine wengi wa pwani yetu. Hakumuaga Landy. Alimwachia mama maneno mafupi: mtu mwenye mabwawa machafu hana la kungoja Xculul.

Landy alianza kwenda kwa mama yake kila mwisho wa wiki. Doña Eusebia hakumlaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama. Alimpikia, akamtandikia kitanda cha bembea, akamuuliza habari za afya. Jina la Wilberth lilikaa katikati yao mezani kama chombo kilichosahaulika. Ila wengine hawakuwa na subira hiyo. Kwenye mashine ya kusagia mahindi, mwanamke mmoja alimuuliza mbele ya foleni nzima, "Eti Landy, wadudu wanasemaje leo? Wamekutajia nani mwingine?"

"Wamesema habari zako bado," Landy alijaribu kutania.

Hakuna aliyecheka. Alirudi na unga wake, akalia akiwa amesimama jikoni, mama yake akijifanya anatafuta kijiko.

Jumatatu iliyofuata alikuja kazini na vichupa vya chumvi vilivyojaa mkoba. Alikuwa amezunguka Xculul nzima. Baadaye akaenda vijiji vya jirani, akanunua na pakiti za chumvi ghafi sokoni Mérida. Alilea bakteria wa wote kwa chakula kimoja, chumvi moja, joto moja. Peniche alimwona akamwacha, akidhani ni utafiti wa kawaida. Karatasi zilipoanza kutoka, Landy alinivuta kwenye dirisha.

"Tazama. Huyu wa mzee Pech mwenyewe. Huyu wa kijiji cha pili. Huyu wa sokoni."

Hata mimi wa visima niliona. Vilele vilikuwa vile vile, tofauti za hapa na pale tu. Ukoo ule ulikuwa kila mahali jua lilipokausha maji ya bahari.

"Sasa ngozi za Manzur zilioza kwa nini?" nikamuuliza. "Maana kila mtu anatumia chumvi hii hii."

"Hilo ndilo nililopaswa kumuuliza siku ile," alisema.

Alimtafuta mchinjaji, akanunua ngozi mbichi, akaikata vipande. Vingine alivitia chumvi ya Wilberth palepale, vikiwa bado na joto la mnyama. Vingine aliviacha juani hadi kesho yake ndipo akavitia chumvi ile ile. Akarudia kwa chumvi za watu wengine. Maabara ikanuka hadi wanafunzi wakahamia barazani.

"Shoga," nilimwambia, "hapa si maabara tena, ni machinjioni."

"Vumilia kidogo, Mirna. Nakuomba."

Mwishowe vipande vilivyotiwa chumvi mapema vilikuwa vizima, chumvi iwe ya nani. Vile vilivyocheleweshwa vilikuwa na vishimo, chumvi iwe ya nani. Vijidudu vilikuwamo kote. Vilichohitaji ni ngozi iliyokwisha kuanza kuharibika. Na mfanyakazi mmoja wa Manzur, alipoulizwa tu, alisema bila kuficha kwamba mwaka ule lori liliharibika na ngozi zilikaa uani siku kadhaa kabla ya kutiwa chumvi. Hakujua kama ni siri.

Landy alipeleka yote kwa Peniche. Safari hii daktari alisikiliza hadi mwisho.

"Ni kazi nzuri," alisema. "Kweli nzuri. Lakini unataka niifanyie nini? Nimwite Manzur nimwambie tulimdanganya?"

"Hatukumdanganya. Tulimwachia nusu ya jibu."

"Msimu umekwisha, Landy. Mambo yametulia. Ukichokonoa, ushirika wenyewe ndio utaumia."

Hapo Peniche aliona mbali kuliko tulivyodhani.

Landy aliomba nafasi kwenye mkutano mkuu wa ushirika. Mimi ndiye niliyeendesha gari, na nilikaa nyuma na wanawake. Safari hii alizungumza lugha ya nyumbani, nusu Kimaya, akiwaonyesha vipande vya ngozi kwa mikono yake. Alisema bwawa la Wilberth halina kosa. Alisema alipoulizwa mbele yao alijua kwamba jibu halijakamilika, akanyamaza kwa kuona haya. Alisema bakteria wale wamo kwenye mabwawa yote, hawadhuru chakula cha mtu, na popote maji ya bahari yanapokaushwa na jua watakuwamo.

Kisha mtu mmoja upande wa dirisha akauliza, "Wamo kwangu pia?"

"Wamo kwa kila mtu."

"Umekuja kusema hivyo kwa sauti? Na milango iko wazi?"

Kelele zikaanza. Mzee Pech aligonga meza mpaka wakatulia. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka.

"Binti," alisema, "mara ya kwanza ulikuja ukamzika mmoja wetu. Leo umekuja kumfukua, na shimo umelipanua tuingie wote. Kesho wanunuzi watasema chumvi ya Xculul ina wadudu. Hawatasikia habari za ngozi kuchelewa. Watasikia wadudu."

"Ni kweli, mzee," Landy alisema. "Lakini siwezi tena kusema nusu."

Doña Eusebia alisimama hapo. Hakuwahi kuongea mkutanoni maisha yake yote. "Mwanangu ameondolewa kwa neno la uongo," alisema. "Mrudishieni mabwawa yake. Hayo mengine mtagombana baadaye."

Wakapiga kura. Mabwawa yakarudishwa, kwa tofauti ndogo, na walionyoosha mikono hawakumtazama Landy. Don Elías Manzur alipoelezwa hakubisha sana. Kumbe alikuwa ameshaanza kununua chumvi ya mgodini kutoka mbali, na hakurudi Xculul. Ushirika ulipoteza mteja wake mkubwa hata hivyo. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba Landy ndiye aliyemfukuza, na ukiwaeleza mpangilio wa mambo wanatikisa kichwa. Mashine ya kupoza chumba haikuja. Peniche alimwondoa Landy kwenye mashine ya mafuta akampa madarasa ya mwaka wa kwanza. Alisema ni kwa sababu anafundisha vizuri, na kweli anafundisha vizuri.

Mabwawa yenyewe yalikuwa yameharibika. Bwawa la chumvi likikaa msimu bila mkono wa mtu, mvua inabomoa kingo, tope linajaa, na linakuwa dimbwi la kawaida lenye ndege. Tulikwenda kuyaona. Landy alivua viatu akaingia, akajaribu kuinua ukingo kwa koleo. Tope liliteleza likarudi. Alijaribu tena na tena, gauni limemganda mapajani, mpaka mama yake akamwita kutoka barabarani: "Toka humo, mwanangu. Hiyo si kazi ya mtu mmoja."

Alimfuata Wilberth Cancún. Alimkuta penye uzio wa ujenzi, saa ya chakula, amekuwa mwembamba na mweusi kwa jua la ujenzini. Alimweleza yote akiwa amesimama: chumvi za watu wote, vipande vya ngozi, lori, kura.

Wilberth alimwacha amalize.

"Kwa hiyo umekuja kuniambia sina kosa."

"Ndiyo."

"Dada, mimi nilijua sina kosa. Kwani nilikuwa nangoja mashine?"

Wilberth akafungua chakula chake, akakata chapati ya mahindi vipande viwili, akampa kimoja.

"Nataka kujua jambo moja tu. Siku ile, mzee Pech alipokuuliza. Ulikuwa unafikiria nini?"

Angeweza kusema aliogopa kukosea. Njiani kwenye basi alikuwa amejiandalia jibu hilo.

"Nilikuwa nafikiria watanionaje," alisema. "Wale wa mjini. Nilitaka waone mimi si dada ya mtu. Ni mtaalamu tu."

Wilberth alitafuna taratibu. "Haya," alisema. "Walau hilo nimelielewa."

Alimwambia harudi Xculul. Mabwawa wampe binamu yao kama anayataka. Huku ana chumba na kuna mwanamke anayemfulia, na msimamizi wake amemwahidi kazi ya fundi wa vigae. Filimbi ikalia, akavaa kofia yake, akaingia ndani ya uzio. Hakumkumbatia. Wala hakumkataza kuja tena.

Binamu aliyachukua mabwawa, akachukua misimu kuyafanya yatoe chumvi nyeupe. Doña Eusebia amezeeka, hasafiri. Kila mwezi anapika, anafunga chakula kwenye majani na kitambaa, na Landy anakipeleka Cancún kwa basi. Siku nyingine Wilberth anakaa naye ukutani wanakula pamoja, wanaulizana habari za mama, na mara moja moja anamcheka kwa kuzeeka. Siku nyingine mlinzi anatoka kumwambia fundi ana shughuli, chakula kiachwe getini.

Landy anakiacha, anapanda basi, na Jumatatu asubuhi namkuta darasani mbele ya wanafunzi, akiwauliza kila mmoja alimlea bakteria wake kwenye chumvi kiasi gani.